Mibuni Niliyomshauri Baba Aing'oe

Sogea kidogo, wewe unayenisikiliza, maana habari hii nimezoea kuisimulia vipande vipande, kila mtu kipande chake, na leo nataka kuieleza yote. Kwa miaka mingi nilikuwa bibi shamba. Kazi yangu ilikuwa kutembelea wakulima na kuwaeleza mambo ya mazao yao: lini wapande, wapogoe namna gani, ugonjwa huu unaitwaje. Kituo changu kilikuwa Mwanga, lakini kwetu ni Vudee, juu milimani upande wa Same. Niliwashauri watu wengi, na wengi wao bado wakiniona njiani husimama kunisalimu. Niliyemshauri vibaya ni baba yangu.

Kwanza lielewe shamba lenyewe. Lilikuwa dogo, kwenye mteremko, limejengewa kingo za mawe ili udongo usiteremke na mvua. Migomba ilisimama juu, na chini yake, kivulini, ndiyo mibuni, yaani miti ya kahawa. Maji yalitujia kwa mfereji kutoka kwenye ndiva, bwawa dogo la ukoo ambalo hufunguliwa kwa zamu, siku ya huyu na siku ya yule. Mibuni mingine babu aliipanda, mingine baba.

Baba alikuwa mkali kwa jambo moja tu, nalo ni kahawa. Tulichuma nyekundu tupu. Ukileta tunda lenye bega la kijani, alilitoa kwenye kikapu, akakuwekea kiganjani na kukuambia, "Mrudishie mwenyewe." Mwenyewe ni mti. Nilishawahi kwenda nalo mpaka kwenye mti kweli, nikasimama pale nisijue la kufanya, na yeye akacheka mpaka akakaa chini. Tukishachuma, tulimenya kwa mashine ya mkono, tukaziloweka, tukaziosha mpaka utelezi uishe na punje zikwaruze mkononi kama mchanga, kisha tukazianika kwenye vichanja vya waya. Wingu likitokea upande wa mlima Shengena, mtu yeyote aliyekuwa anafanya lolote aliliacha, akakimbilia kufunika kahawa. Mama aliwahi kuacha ugali motoni.

Wala hatukuinywa. Hili huwashangaza wageni, lakini kwa sisi halikuwa jambo la kuulizana. Kahawa ilikuwa ya kupeleka kwenye chama cha msingi cha ushirika. Sisi tulikunywa chai, na katika ile miaka ya shida, sukari ilipokuwa ya kupangia foleni na sabuni ikikatwa vipande kwa uzi, tulikunywa maji ya mchaichai.

Miaka hiyo ya shida mibuni iliumia. Mrututu, ile dawa ya bluu ya kuzuia chulebuni, ilikuja kwa kuchelewa au haikuja. Chulebuni hushambulia tunda likiwa bado bichi. Linakuwa jeusi, linakauka tawini. Baba alipita na kikapu akiyatoa matunda meusi moja moja kwa mkono, shamba zima, akayafukia. Kung'oa mbuni wakati huo kulikatazwa. Bwana shamba akikukuta umeng'oa, utaeleza ofisini. Lakini baba hakuwa akiitunza kwa kuogopa ofisi.

Baadaye mambo yakafunguliwa. Maduka ya Same yakajaa sukari na vitenge, na wanunuzi binafsi wakaanza kupanda milimani na pikapu zao, kila mmoja na mizani yake. Walinunua kahawa kando ya barabara bila kuichagua. Iliyooshwa vizuri na iliyokaushwa mavumbini ziliingia gunia moja, kwa bei moja. Siku ya kwanza baba alipopeleka yake, alimwambia mnunuzi, "Hii usiichanganye na ile."

Mnunuzi akamwambia, "Mzee, kahawa ni kahawa."

Baba aliifunga kahawa yake, akarudi nayo nyumbani. Baada ya wiki mbili akaipeleka tena, kwa sababu ilibidi.

Halafu bei ikaanguka, na dawa, ambayo sasa ilipatikana, ikawa haishikiki kwa bei. Katazo la kung'oa likabaki kwenye karatasi tu. Majirani wakaanza kung'oa, wakapanda maharage na nyanya. Mwenye mibuni akaanza kuonekana kama mtu anayevaa suti ya harusi kwenda kulima.

Mwaka mmoja, mwezi wa nane, nilipata nafasi ya kwenda kwenye mafunzo ya kahawa ng'ambo, majuma matatu. Nikapanda Vudee kuaga. Nilikuta baba amewaita wazee wawili wa ukoo wetu, wamekaa kibarazani na viti vimepangwa. Kimoja kilikuwa kitupu, nacho kilikuwa changu.

Naomba uelewe jambo hili, maana ndilo zito. Kwetu baba hamwombi ushauri binti yake mbele ya wazee. Kahawa ni ya wanaume, na binti ataolewa aende zake. Baba alikuwa amevunja utaratibu kwa makusudi. Nilipomwamkia shikamoo, hakuitikia kama siku zote. Alisema, "Marahaba, mtaalamu. Kaa hapo."

Nikakaa.

"Wewe serikali imekusomesha mambo ya kahawa," akasema. "Wenzangu hapa ni mashahidi. Hii mibuni niing'oe au niiache?"

Mzee mmoja akacheka. "Leo kazi ipo. Binti anamwamulia baba."

Nilikuwa na safari kichwani. Gari la kushuka Same lilikuwa karibu kuondoka. Lakini si hilo tu, na sitaki kujificha nyuma ya gari. Nilikuwa najua dawa ya mibuni iliyochoka. Unaikata ikabaki visiki, inachipua upya. Nilikuwa nimefundisha hivyo kwenye vijiji vya watu. Ila mbuni uliokatwa hauzai kwa miaka kama miwili, na nilimtazama baba, koti lake lililochakaa, wadogo zangu wawili waliokuwa bado shule, nikaona haya kumwambia mtu wa umri ule asubiri miaka miwili. Nikamhesabia mimi mwenyewe kichwani, bila kumwuliza. Nikasema, "Baba, ng'oa. Panda maharage kabla ya vuli."

Hakubisha. Alitazama chini kidogo, akasema, "Basi mmesikia." Wazee wakaitikia kwamba wamesikia. Nikakimbilia gari.

Mafunzo yalikuwa Hawaii, visiwa vilivyo katikati ya bahari ya Pasifiki. Juma la pili walitupeleka kutembelea shamba la zamani la kahawa, lililoanzishwa na wahamiaji kutoka Japani. Hawa walikuja kwanza kama vibarua wa miwa. Mikataba yao ilipokwisha walikodi vipande vidogo vya ardhi kwenye mteremko wa volkano, wakapanda kahawa katikati ya mawe meusi. Sasa shamba moja lilikuwa limehifadhiwa liishi kama lilivyoishi zamani. Si jumba la makumbusho lenye vioo. Kuku walikuwa wanadonoa uani, punda alikuwa amefungwa penye kivuli, na jikoni mwanamke aliyevaa aproni nyeupe alikuwa anapika wali kwa kuni, kama alivyopika bibi wa nyumba hiyo wakati wake.

Aliyetutembeza alikuwa bibi mmoja mfupi, mwenye kofia pana ya majani, aliyezaliwa kwenye shamba la jirani, wazazi wake wakiwa watoto wa wahamiaji hao. Alituonyesha ndoano ya mti ya kuinamishia matawi marefu. Alitueleza kwamba zamani shule zao zilifungwa wakati wa kuchuma, ili watoto wasaidie. Akatupandisha juu ya sakafu ya mbao iliyonyanyuliwa, ambako kahawa ilianikwa, na hapo nikaona kitu ambacho kilinifanya nisahau kuandika: paa lenye magurudumu. Jua likitoka unalisukuma pembeni, mvua ikija unalirudisha. Bibi akamwita mwenzangu mmoja, Mhabeshi aliyekuwa kwenye mafunzo yale, wakalisukuma pamoja, likaenda likinguruma.

"Kwenu mvua ikija mnafanyaje?" bibi akaniuliza.

"Tunakimbia," nikasema. Wote wakacheka, nami nikacheka, huku nikimwona baba akikimbia.

Kisha akatumiminia kahawa ya shamba lile. Nikainywa polepole, kwa adabu. Bibi akaniuliza kahawa ya baba yangu ina ladha gani.

Nikamwambia sijui.

Mhabeshi akaweka kikombe chini. "Hujui vipi? Umesema mmelima tangu babu."

"Hatuinywi. Tunauza."

"Dada yangu, mnalima msichokionja? Hata wale mbuzi wa kwetu walioigundua kahawa wanaijua ladha yake!" Alinitania siku nzima. Ikifika saa ya chai ananipa kikombe cha kahawa na kusema, "Onja, mkulima." Nilicheka. Ila nilikuwa nimeanza kuhesabu siku tangu nilipoondoka Vudee.

Mwisho wa matembezi bibi akatupeleka kwenye mibuni. Nilitegemea kuona miti iliyochoka. Ilikuwa mizito kwa matunda mekundu. Akainama, akafagia majani makavu kwa mkono, akatuonyesha mashina. Lilikuwepo shina nene kama paja, limejaa makovu ya zamani, kovu juu ya kovu, na kutoka hapo yalisimama mashina mapya matatu.

"Huu walipanda wale wa kwanza," akasema. "Ukichoka, tunaukata. Unaanza tena."

"Na bei ilipoanguka?" nikauliza.

"Ilianguka mara nyingi. Wengi waliacha, wakaenda mijini. Mama yangu aliikata mibuni yote kuwa visiki, akapanda mboga katikati. Tulikula mboga miaka miwili huku tunaitazama ikiota."

Mboga katikati. Sikujifunza kitu kipya hata kimoja, ndugu yangu. Kukata visiki nilijua. Kwamba visiki havina kivuli, kwamba katikati yake maharage yanastawi, nilijua pia, yamo kwenye daftari langu la chuo. Nilichokuwa sijafanya ni kuviweka vitu viwili hivyo pamoja mbele ya baba yangu, aamue mwenyewe.

Nadhani uso wangu ulibadilika, maana bibi aliniuliza kama ninaumwa. Nikamweleza kwa kifupi kwamba nimemwambia baba ang'oe mibuni yake. Akaniuliza, "Ameshang'oa?" Nikasema pengine bado. Akanionyesha kwa kidole mlango wa ofisi yao ndogo. "Simu iko pale. Piga sasa. Hatutakudai."

Sikiliza ninavyokuambia, maana hapa ndipo ninaporudi mara nyingi. Ofisi yetu Mwanga ilikuwa na simu. Kule kwetu tayari kulikuwa kunakaribia kupambazuka, baada ya muda si mrefu mtu angekuwa mezani. Kutoka Mwanga ujumbe ungefika Same kwa basi lolote, na kutoka Same, kwa dereva wa gari la Vudee, ungefika mkononi mwa baba kabla ya siku tatu. Niliijua njia yote. Nikauona pia uso wa mkuu wangu wa kazi akiipokea simu ile, na nikaisikia ofisi nzima: "Ameenda wiki mbili tu ameshageuka." Nikawaona wale wazee wawili kibarazani, mashahidi, wakiambiwa kwamba mtaalamu amefuta neno lake. Nilikuwa mwanamke pekee katika ofisi ile. Nilikuwa nimejenga heshima yangu kwa kutosita.

Nikamwambia bibi, "Asante. Si jambo la haraka. Nitamwambia mwenyewe nikifika."

Lilikuwa la haraka. Nilishasema kwa kinywa changu: kabla ya vuli.

Niliporudi nilipitiliza Mwanga bila kushuka, nikalala Same, asubuhi nikapanda gari la Vudee. Nilijua kabla hatujafika. Kwenye kona ya mwisho nililiona bati la nyumba yetu kutoka barabarani. Tangu nizaliwe, bati lile halikuwahi kuonekana kutoka barabarani, mibuni ililificha.

Baba alinipokea kwa furaha, na ndilo lililoniumiza zaidi. Alinishika mkono kabla sijatua mzigo. "Njoo uone kazi yako."

Majirani walikuwa wamekuja siku ya kusaidiana na majembe na sururu. Alikuwa amefanya kila kitu sawasawa. Mashimo yamefukiwa, kingo za mawe zimerekebishwa, mistari ya maharage imenyooka. "Tumechimba mpaka mzizi wa mwisho," akasema. "Si ndivyo mnavyofundisha? Usibaki mzizi wa kuota."

"Ndivyo, baba."

Jioni mama alitupakulia makande. Chini ya chungu yalikuwa yanawaka magogo mafupi ya mbuni, yamepangwa pia ukutani hadi usawa wa dirisha. "Kuni nzuri hizi," mama akasema. "Hazina moshi."

Ningeweza kunyamaza. Lakini mimi ni mtu wa kueleza, na baba aliniuliza habari za huko. Nikamweleza yote: punda, paa la magurudumu, wali. Paa alilipenda, akataka nimchoree kwa kijiti kwenye majivu. Kisha nikafika kwenye mashina yenye makovu, na sauti yangu ikapungua.

"Walikata wakaacha kisiki?" akauliza.

"Ndiyo."

"Kikaota?"

"Kikaota. Katikati walipanda mboga."

Akala kidogo. Akaniuliza bila ukali, kama mtu anayeuliza njia: "Hili ulilijua kabla hujaenda?"

"Nililijua, baba."

"Mbona hukuniambia?"

"Niliona miaka miwili ni mingi kwako."

Aliweka kijiko chini. "Mtaalamu, hii mibuni baba yangu aliingoja miaka minne ndipo izae. Nilikuwepo. Mimi kungoja ninajua." Akainuka, akatoka nje kunawa mikono.

Mama alikuwa amesikia yote. Machozi yalipoanza kunitoka alinikemea. "Unalilia kahawa? Uliwahi kuichuma na mtoto mgongoni? Hela ya kahawa ilikuwa inaishia mfukoni mwa koti la baba yako. Maharage haya nitayauza mimi mwenyewe sokoni, na kitenge nitakachovaa kitakuwa cha maharage. Kula!" Alikuwa na haki yake, na sijawahi kuipunguza. Nilikula. Ila nilijua kwamba maharage yake na mibuni ya baba vingekaa shamba moja, na kwamba kitenge kile angekivaa vilevile.

Baba aliishi miaka kadhaa baada ya hapo. Hakuwahi kunilaumu mbele ya mtu, na wale mashahidi wawili hakuwaambia neno. Msimu mmoja au miwili baadaye bei ikapanda, majirani waliobakiza mibuni wakatamba, naye akawapongeza. Lakini asubuhi zake zilikuwa zimepotea. Mkulima wa kahawa ana kitu cha kufanya kila siku ya mwaka. Wa maharage ana majuma. Nilipokwenda kumsalimu nilimkuta mara nyingi amevaa lile koti, mkasi wa kupogolea umo mfukoni, amesimama kando ya mistari ya maharage ambayo haihitaji mkasi. Aliniita mwanangu. Mtaalamu hakuniita tena, wala hakuniuliza tena jambo lolote la shamba. Nilikuwa namchokoza: "Baba, huu mgomba vipi?" Anasema, "Upo tu." Kikombe cha kahawa yake hakuwahi kukionja. Nilipopata akili ya kumkaangia, ilikuwa haiko tena, na ya dukani sikuona maana ya kumpa.

Nikiwa kazini niliendelea kufundisha, na nafikiri nilifundisha vizuri zaidi, kwa sababu nilianza kuuliza, "Unaweza kungoja kiasi gani?" kabla sijasema lolote. Wakulima walinishangaa. Wengi walikuwa na uwezo wa kungoja kuliko nilivyowadhania.

Sasa nikuambie wewe kile ambacho nilipaswa kumwambia yeye pale kibarazani, na gari likanisubiri au likaniacha. Kama una mbuni uliochoka, usiung'oe. Maliza kuchuma kwanza, usubiri mvua zikaribie. Chukua msumeno mkali, ukate shina chini kidogo ya usawa wa goti, kwa mshazari, ili maji ya mvua yateremke yasituame juu ya kidonda. Kama kuna tawi moja zima chini ya pale ulipokata, liache, mti uendelee kupumua. Machipukizi yatatoka mengi. Yakifika urefu wa shibiri, chagua mawili au matatu yenye nguvu, yaliyoachana, na mengine yaondoe kwa mkono. Katikati ya visiki panda maharage, misimu yote unayongoja.